Uzi: Bima ya safari ya Ulaya kwa mzazi mwenye kisukari na presha

Kijana wa Kirumba (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za wakati huu.

Mama yangu ana umri wa miaka 64, na kwa muda mrefu amekuwa akihudhuria kliniki ya kisukari na shinikizo la damu hapa Mwanza. Dada yangu anayeishi Ujerumani amejifungua, na kwa desturi zetu bibi hana budi kwenda kumpokea mjukuu, hivyo tumeanza kukusanya nyaraka za viza kabla ya kwenda kuziwasilisha Dar es Salaam. Miongoni mwa nyaraka hizo imo hati ya bima ya safari. Wakala tuliyemwendea alituhakikishia kwamba hati anayouza inakubalika ubalozini, na nilipomuuliza kama italipa endapo sukari ya mama itapanda akiwa huko, alinijibu kwamba ubalozi hauulizi jambo hilo. Nadhani alisema kweli, na ndiyo sababu nimekuja kuuliza hapa.

Kwenye fomu kuna swali linalotaka kujua kama msafiri ana ugonjwa uliokwishagunduliwa au kama anatumia dawa za kila siku. Wakala alishauri tuandike "hapana" ili ada isipande. Dada naye anasema anaweza kumkatia mama bima hukohuko Ujerumani. Naomba wenye ujuzi wanieleze kampuni za bima huutazamaje ugonjwa ambao msafiri anatoka nao nyumbani, na kama ipo njia halali ya kuufanya ulipiwe.

Dalali wa Bima, Mwanza

Ndugu mleta uzi, hongereni kwa mjukuu. Nimefanya kazi ya udalali wa bima hapa Kanda ya Ziwa kwa muda mrefu, na swali lako wateja wengi huliuliza wakati mgonjwa amekwishalazwa, kwa hiyo umefanya vyema kuliuliza mapema.

Tuanze na ubalozi. Kanuni ya viza za Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ujerumani ikiwamo, ni ya mwaka 2009, na katika kifungu chake cha 15 inataka bima ya kiasi kisichopungua euro 30,000, inayotumika katika nchi zote za eneo hilo kwa muda wote wa ukaaji, na inayogharamia matibabu ya haraka, kulazwa kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya, na kifo. Ofisa wa viza huhakiki kiasi, tarehe na eneo, na huangalia kama kampuni hiyo inaweza kudaiwa fidia ndani ya nchi za Schengen. Hana wajibu wa kupima kama kisukari cha mama yako kimo au hakimo. Kwa hiyo hati moja inaweza kumpatia mama viza bila taabu, na hati hiyohiyo ikakataa kulipa hata senti moja siku atakapozidiwa kwa ugonjwa ule ambao kila mtu nyumbani anaujua.

Sasa tazama hati zenyewe. Zipo zinazoufungia nje ugonjwa wowote wa awali, pamoja na yote yanayotokana nao, na hilo neno "yanayotokana nao" ndilo lenye makali, kwa sababu mgonjwa wa kisukari anayepata kiharusi, kidonda cha mguu au matatizo ya figo ataambiwa kwamba chanzo ni kilekile. Zipo nyingine ambazo hulipa pale tu hali inapobadilika ghafla bila kutarajiwa, na hulipa mpaka mgonjwa atulie, kisha husimama. Dawa za kuendelea nazo na miadi ya baadaye ni juu yenu, na mara nyingi sehemu hiyo ina kikomo chake cha fedha kilicho chini sana ya kile kiasi kikubwa kilichoandikwa ukurasa wa mbele. Halafu zipo zinazokubali ugonjwa baada ya msafiri kujaza fomu ya afya, mtathmini akaisoma, na ada ikaongezwa. Hizi za mwisho ndizo unazopaswa kuzitafuta, na usishangae ukiambiwa kwamba umri wa miaka 65 au 70 hubadilisha bei au hufunga mlango kabisa.

Kuhusu dada yako, kanuni inasema kwamba kwa kawaida mwombaji akate bima katika nchi anakoishi, lakini inatambua pia kwamba mtu mwingine anaweza kumkatia, kwa masharti yaleyale. Tahadhari yangu ni moja. Bima nyingi za wageni zinazouzwa huko Ulaya haziulizi swali lolote la afya, na watu hudhani kwamba kwa kuwa hakuna swali basi hakuna kizuizi. Kizuizi kipo, kimewekwa kwenye masharti ya jumla, na kinamhusu kila mtu. Ni afadhali kampuni inayouliza na kujibu kwa maandishi kuliko ile inayouza kimyakimya.

Mfanyabiashara wa Makoroboi

Mimi nina presha, naenda Guangzhou na Dubai kufuata mzigo, na sijawahi kuandika ugonjwa wowote kwenye fomu. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Najua mtaniambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini tuseme ukweli wa soko: ukiandika "ndiyo" unaongezewa ada au unakataliwa, na kampuni ya Dar es Salaam haiwezi kujua kwamba mimi hununua dawa zangu duka la dawa la mtaani bila hata kuwa na faili hospitali. Watajulia wapi?

Muuguzi wa Kliniki

Ndugu yangu wa Makoroboi, watajulia kwako wewe mwenyewe.

Mgonjwa akifikishwa hospitali katika nchi yoyote, jambo la kwanza daktari atakaloliuliza ni historia yake: una kisukari, una presha, tangu lini, unatumia dawa gani. Mgonjwa mwenye maumivu ya kifua hajibu maswali hayo kwa kufikiria ada ya bima, anajibu ili apone, na ni lazima ajibu kweli kwa sababu akidanganya anaweza kupewa dawa itakayomdhuru. Majibu hayo huandikwa, huingia kwenye taarifa ya kuruhusiwa kutoka hospitali, na taarifa hiyo ndiyo huambatanishwa na madai ya fidia. Kampuni haihitaji mpelelezi. Inasoma tu mstari unaosema mgonjwa ana shinikizo la damu kwa miaka kadhaa, kisha inafungua fomu iliyoandikwa "hapana".

Hata asiposema, mwili unasema. Kipo kipimo cha damu ambacho huonesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na moyo uliobeba presha kwa muda mrefu hunenepa misuli yake, jambo ambalo daktari huliona kwenye picha. Isitoshe, fomu nyingi za madai humtaka mgonjwa aidhinishe kampuni kuomba kumbukumbu zake kutoka kwa daktari wa nyumbani. Kuhusu kukosa faili, masharti mengi huhesabu kuwa ugonjwa wa awali hata dalili ambazo mtu mwenye busara angekwenda kuzipima, na dawa uliyoinunua dukani nayo ni matibabu.

Naomba niongeze jambo ambalo sisi wa kliniki tunaliona na ndugu wa mgonjwa hawalioni. Kampuni zinazokubali magonjwa sugu mara nyingi hudai kwamba hali iwe tulivu kwa siku 90 au 180 kabla ya safari, nyingine hata zaidi. Utulivu huo haupimwi kwa namna mgonjwa anavyojisikia. Hupimwa kwa karatasi: hakulazwa, hakupewa rufaa mpya, hasubiri majibu ya kipimo, na dawa zake hazikubadilishwa aina wala kipimo. Katika baadhi ya hati hata kupunguziwa dawa kwa sababu umepata nafuu kunahesabiwa kuwa badiliko. Sasa mzazi anakuja kliniki wiki mbili kabla ya kuondoka, presha imepanda kidogo kwa pilikapilika za safari, daktari anamwongezea kidonge, na siku hiyo bila mtu yeyote kujua bima yake imepata ufa. Simaanishi kwamba mgonjwa akatae dawa. Afya kwanza, na presha isiyodhibitiwa haifai kupandishwa ndege. Ninachosema ni kwamba miadi ya mapitio ifanyike mapema, miezi kadhaa kabla, ili mabadiliko yakiwapo yapate muda wa kutulia, na yakitokea baada ya bima kukatwa kampuni iarifiwe kwa maandishi kabla ya safari.

Na wewe unayekwenda Dubai, soma orodha ya dawa zinazodhibitiwa Falme za Kiarabu. Tramado na dawa zenye kodeini huhitaji kibali cha mamlaka ya afya kabla ya kuingia nazo, na kosa hilo hakuna bima inayolilipia.

Mfanyabiashara wa Makoroboi

Nimekuelewa, dada. Hilo la daktari kuandika historia sikuwa nimelitazama kwa upande huo. Bado nashikilia kwamba ada za ziada ni kubwa kupita kiasi kwa mtu ambaye presha yake imedhibitiwa, na kwamba mawakala wanaotushauri kuficha ni walewale wanaolipwa kwa kila hati wanayouza.

Mwanasheria wa Ziwani

Naomba niingie hapo kwenye wakala. Sahihi iliyo chini ya fomu ni ya mwombaji, si ya wakala. Mama akiweka sahihi kwenye "hapana" iliyopendekezwa kwa mdomo, siku ya shauri itakuwa vigumu sana kuthibitisha kwamba alishauriwa hivyo. Kama wakala ana uhakika na ushauri wake, aombwe auandike kwenye ujumbe wa simu au barua pepe. Aghalabu atabadilisha kauli papo hapo.

Msingi wa sheria hapa ni wa zamani. Mwaka 1766 jaji wa Uingereza, Lord Mansfield, aliamua shauri la Carter dhidi ya Boehm, lililohusu bima ya ngome iliyokuwa Sumatra, na ndipo aliposema kwamba mkataba wa bima hujengwa juu ya nia njema, kwa kuwa mambo mengi yanayopima hatari hujulikana na upande mmoja tu. Watu hulitaja shauri hilo kama fimbo ya kampuni, lakini walioshindwa siku ile walikuwa upande wa bima, kwa maana wajibu wa nia njema unazifunga pande zote mbili. Waingereza wenyewe walilegeza mzigo wa mteja mwaka 2012, na sasa kwao mteja wa kawaida hutakiwa awe mwangalifu tu kujibu kwa ukweli maswali anayoulizwa. Sisi tulirithi sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa hiyo kwa hati iliyokatwa hapa nchini ni salama zaidi kudhani kwamba unapaswa kutaja jambo lolote zito linalohusu afya yako, hata kama swali halikuulizwa vizuri. Usitegemee utetezi wa "hawakuniuliza".

Msisahau pia kuhakikisha kwamba kampuni na wakala wamesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Dai likikataliwa, mteja huanza kulalamika kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, na asiporidhika hupeleka lalamiko kwa Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lakini msuluhishi husoma nyaraka zilezile, na fomu yenye jibu la uongo ni mwanzo mbaya wa lalamiko lolote.

Mama wa Nansio

Shikamooni wakubwa. Ninaishi Ukerewe, ambako karibu kila mtu amekwisha kumeza vidonge vya kichocho vinavyogawiwa shuleni na vijijini. Je, mtu wa visiwani anapokata bima aandike kwamba ana kichocho? Pili, mwanangu wa kwanza ana selimundu na tumealikwa Uingereza na shangazi yake. Je, kuna kampuni inayomkubali mtoto wa namna hiyo?

Dalali wa Bima, Mwanza

Marahaba. Kumeza prazikwanteli katika ugawaji wa jumla si kugunduliwa na ugonjwa, kwa sababu vidonge hivyo hupewa kila mtu bila kipimo. Mtu akiulizwa kama ametumia dawa katika kipindi fulani, ataje kwamba alipewa dawa ya kinga ya jamii, basi. Habari inakuwa nyingine kama aliwahi kupimwa akakutwa na ini lililokakamaa au bandama lililovimba, hali ambayo kichocho cha tumbo cha ziwani huileta baada ya miaka mingi. Huyo anaweza kutapika damu siku moja bila onyo, na lazima aandike.

Kuhusu mtoto wa selimundu, fomu ya tathmini itauliza amelazwa mara ngapi, ameongezewa damu lini, na kama anatumia hidroksiurea. Wapo watakaokataa na wapo watakaokubali kwa ada ya juu. Anzeni mapema na mpeleke barua ya daktari pamoja na maombi, kwa sababu Uingereza haimdai mgeni bima ili apate viza ya matembezi, na hivyo hakuna atakayewakumbusha. Mgeni wa matembezi hutozwa gharama za kulazwa huko, na hospitali za umma humtoza kwa kiwango cha juu kuliko gharama ya kawaida. Muuguzi ataeleza upande wa ndege.

Muuguzi wa Kliniki

Hewa ndani ya ndege iliyo angani hulingana na ya mlima wenye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400, wakati ziwa letu liko kwenye mita 1,134 hivi. Kwa mtu mzima mwenye afya tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mtoto wa selimundu upungufu wa oksijeni pamoja na ukavu wa hewa unaweza kuamsha maumivu, hivyo anywe maji mara kwa mara, avae nguo za joto, na daktari wake aseme kwa maandishi kama anafaa kusafiri na kama atahitaji oksijeni. Barua hiyo hutazamwa na shirika la ndege na kampuni ya bima pia, na ni vyema iwe ya Kiingereza na itaje dawa kwa majina yake ya kitaalamu badala ya majina ya biashara.

Kwa mama wa Kirumba, insulini kama anaitumia isiwekwe kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege, kwa kuwa inaweza kuganda kwa baridi ikaharibika au mzigo ukapotea. Dawa zote zikae kwenye begi la mkononi, katika vifungashio vyake, na ziwe za siku nyingi kuliko za safari. Kununua dawa uliyoisahau hakuhesabiwi kuwa dharura.

Msafiri wa Mutukula

Na sisi tunaokwenda Kampala na Nairobi kwa basi? Konda aliniambia gari lina kadi ya njano, kwa hiyo abiria tuna bima.

Dalali wa Bima, Mwanza

Kadi ya njano ya COMESA ni bima ya gari linalovuka mpaka, na inahusu ajali ya gari hilo. Presha ikikupanda ukiwa Kampala haikuhusu hata kidogo. Wala usiichanganye na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya nayo hutumika kwenye vituo vilivyosajiliwa nchini. Kwa safari za ukanda huu zipo pia huduma za ndege za wagonjwa, kama ile ya AMREF iliyoanzishwa mwaka 1957, ambazo mtu hujiunga kwa ada ya mwaka. Hizo humbeba mgonjwa mpaka hospitali. Gharama za kitanda na upasuaji ni hesabu nyingine.

Mkwe wa Nyegezi

Baba mkwe anapelekwa India kwa upasuaji wa moyo, na mimi ndiye msindikizaji. Tunakata bima gani?

Dalali wa Bima, Mwanza

Bima ya safari haimlipii mtu anayesafiri kwa ajili ya kutibiwa, na ukisoma masharti utaona kwamba safari ya aina hiyo imekataliwa kwa jina, hata kwa magonjwa mengine yatakayojitokeza humo. Fedha za upasuaji zipangwe kivyake, pamoja na akiba ya siku za ziada za kulazwa. Wewe msindikizaji unaweza kukatiwa bima yako kama msafiri wa kawaida. Angalia tu kipengele cha kuahirisha safari: hali ya baba mkwe ikibadilika mkashindwa kuondoka, kampuni itasema ugonjwa wake ulijulikana siku unakata bima, na nauli yako haitarudishwa. Kipengele hicho huwagusa hata watu wazima wa afya wanaoacha nyumbani mzazi anayesafishwa figo. Wengi hudhani wanaulizwa afya zao tu, kumbe zipo fomu zinazouliza pia afya ya ndugu wa karibu ambaye hasafiri.

Kijana wa Kirumba (mleta uzi)

Nawashukuru sana wote. Tumeachana na yule wakala. Tuliandika "ndiyo" na kuambatanisha barua ya kliniki, na kampuni nyingine imetujibu kwa maandishi kwamba inakubali presha kwa nyongeza ya ada, na kwamba kisukari italipia dharura za ghafla pekee, kwa kikomo cha fedha kilichotajwa, mradi dawa zisibadilishwe ndani ya siku 90 kabla ya kuondoka. Mama alibadilishiwa dozi hivi karibuni, kwa hiyo tumesogeza tarehe mbele na dada amekubali. Limebaki swali ambalo ni zito kulitamka mbele ya mama. Likitokea la kutokea, na chanzo kikawa kisukari, je, kumleta nyumbani kunalipiwa?

Dalali wa Bima, Mwanza

Mungu aepushe, ila umeuliza jambo ambalo familia nyingi hulikwepa, mwishowe zikachangishana kwa aibu na majonzi. Kanuni ya viza inataka kifo kiwe ndani ya bima, lakini hati ikiwa imeufungia ugonjwa nje, kuusafirisha mwili wa aliyekufa kwa ugonjwa huo kunaweza kufungiwa nje pia. Usikisie. Waandikie barua pepe yenye maswali mawili: je, kurudishwa nyumbani kwa mgonjwa aliyezidiwa na kisukari kunalipiwa kwa kiasi gani, na je, kusafirishwa kwa mwili kunafungwa na kikomo kilekile cha kisukari au kunafuata kiasi cha jumla cha hati. Jibu lao lichapishwe na likae pamoja na hati. Lisipoeleweka, rudisha mpaka lieleweke, kwa kuwa hujalipa bado na ndipo wana haraka ya kujibu.

Mengine ni madogo. Uliza ni kiasi gani mtalipa wenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa katika kila tukio. Tarehe za hati zizidi kidogo tarehe ya kurudi, kwa kuwa ndege huahirishwa. Na namba ya simu ya dharura aihifadhi dada yako, kwa sababu hati nyingi hutaka kampuni ipigiwe kabla mgonjwa hajalazwa au ndani ya saa chache baada ya hapo, na mama akiwa kitandani hataweza kupiga yeye.